Ganzi ya koo kwenye bronkoskopi, mgonjwa akiwa kwenye usingizi mwepesi: nebulaiza, spreyi au sindano ya shingoni?

Nesi wa Kanda
Wakuu, habari za kazi. Hospitali yetu imepata mrija wa kamera wa kuangalia mapafu, tunaanza mwezi ujao. Natakiwa nipeleke orodha ya vifaa famasi kabla ya Ijumaa. Kwa ganzi tumetajiwa njia tatu: mgonjwa avute lignokeini (dawa ya ganzi) kwa nebulaiza, mashine inayoigeuza dawa kuwa ukungu, apuliziwe spreyi ya asilimia 10 kooni halafu amwagiwe kidogo kidogo kupitia mrija, au achomwe sindano shingoni, dawa iingie moja kwa moja kwenye bomba la hewa. Bajeti haitoshi kwa zote. Ipi bora?

Mtu wa Ganzi
Dada, umetuuliza nauli bila kututajia unakokwenda. Usingizi mnautoa kwa dawa gani? Nani anamwangalia mgonjwa wakati daktari macho yako kwenye skrini? Mnapitia puani au mdomoni? Lignokeini iliyopo ni asilimia ngapi?

Mzee wa Mapafu
Wakati tunamsubiri: nebulaiza aiache. Huko Basel, Uswisi, mwaka 2005 walichukua wagonjwa 150 wenye usingizi mwepesi kama wa kwenu. Nusu walivuta lignokeini, nusu maji ya chumvi, kisha wote wakamwagiwa ganzi kwenye mrija kama kawaida. Kikohozi kilikuwa kile kile. Chandigarh, India, mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 1,000, spreyi peke yake ikaishinda nebulaiza, tena kwa dozi ndogo. Sasa mashine ya nini?

Kijana wa Emejensi
Mimi ni mtu wa sindano. Unapapasa kishimo shingoni chini ya kikoromeo, unaingiza sindano namba 22 huku unavuta bomba la sindano, ukiona mapovu ya hewa unasukuma mililita mbili tatu haraka na kuchomoa. Mgonjwa anakohoa mara moja kwa nguvu, na kikohozi hicho ndicho kinachosambaza dawa juu hadi nyuzi za sauti na chini hadi mapafuni. Baada ya hapo mrija unapita kwa utulivu.

Mtu wa Ganzi
Kwa mgonjwa mwembamba aliye macho, sawa. Mwenye rovu utapapasa wapi? Mwenye chembe sahani chache, zile za kugandisha damu, je? Na ukishampa midazolamu, dawa ya usingizi, ndipo umchome, akishtuka na kukohoa sindano ikiwa bado ndani, unaweza kumchana. Anayetaka njia hiyo aifanye kabla ya usingizi.

Kijana wa Emejensi
Ndiyo maana nikasema unachomoa haraka. Na rovu unaiona kabla hujashika sindano.

Sista Tieta
Jamani, mnabishana njia, mimi nataka kuwaeleza hesabu. Niliwahi kufanya kazi hospitali moja, siitaji. Akaletwa mama wa kilo 42. Wodini walikuwa wameshamvutisha mililita nne za lignokeini ya asilimia 4, hizo ni miligramu 160. Alipofika kwetu, kijana wa zamu akampulizia spreyi mara kumi. Kila mpulizo ni miligramu 10, kwa hiyo 100 nyingine. Akapewa usingizi. Daktari akaanza kushuka, kila mama akikohoa anasema "ongeza", nasi tunaongeza mililita mbili za asilimia 2. Mara nne.

Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Kidole gumba kikaanza kuruka chenyewe, halafu kope, halafu degedege la mwili mzima. Mtu aliye macho angesema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma. Yeye alikuwa amelala, angesema nini? Tukachomoa mrija, tukampa oksijeni kwa ambu, ule mfuko wa kupumulishia kwa mkono, na dawa ya degedege. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, yale ya kunasa sumu ya ganzi, yalikuwa stoo kuu, na mwenye funguo ameenda kula. Mama alipona kwa neema ya Mungu.

Jioni nilipanga vichupa vitupu kwenye sahani ya umbo la figo nikahesabu: miligramu 420. Kwa kilo zake, hiyo ni 10 kwa kila kilo. Tangu siku hiyo nabandika plasta kwenye toroli, juu naandika uzito na ukomo, kila tone linaloingia naliandika hapo, hata lililotolewa wodini.

Mzee wa Mapafu
Pole sana, Sista. Mwongozo wa Waingereza wa 2001 uliweka ukomo wa miligramu 8.2 kwa kilo, yaani mama huyo hakupaswa kuvuka 344. Wengine husimama kwenye 7. Mwaka 1996 huko Rochester, Marekani, mwanafunzi wa miaka 19 mwenye afya njema, aliyejitolea kwa utafiti, alifariki kwa lignokeini iliyozidi kwenye kipimo hiki hiki.

Nesi wa Kanda
Samahanini, nilikuwa zamu. Usingizi ni midazolamu na fentanili, msimamizi ni mimi, tutapitia mdomoni. Lignokeini ni asilimia 2, ile ya kushonea vidonda. Nyingine ina adrenalini.

Mtu wa Ganzi
Yenye adrenalini itoe kabisa kwenye toroli hilo, soma lebo kila kichupa. Ile tupu ichanganye nusu kwa nusu na maji ya chumvi. Asilimia 1 inatuliza kikohozi kama asilimia 2, na unabaki na nafasi ya kuongeza. Na kama msimamizi ni wewe, usiwe wewe pia unayeshika bomba la ganzi.

Fundi Mitambo
Chumba mmeuliza? Wengi wanaopimwa huku kwetu wanashukiwa kifua kikuu. Nebulaiza inawakohoza kabla hata hamjaanza, na sindano hali kadhalika. Kuna feni ya kutoa hewa nje? Barakoa za N95 zipo?

Nesi wa Kanda
Madirisha mawili, moja halifunguki.

Fundi Mitambo
Basi anza na hilo dirisha.

Mgonjwa Mstaafu
Mimi nilifanyiwa mwaka juzi, ya kuvuta. Chungu kama shubiri, ulimi ukawa kama wa mtu mwingine. Nilipozinduka binti yangu akaninywesha uji, ukaenda njia ya hewa, nikakohoa hadi usiku. Hakuna aliyetuambia. Huwa mnasubiri muda gani?

Sista Tieta
Saa mbili angalau, mzee wangu. Kisha funda moja la maji, amekaa wima, na mimi nimesimama pembeni. Na ndugu aambiwe kabla mgonjwa hajaingia.

Kijana wa Emejensi
Nesi, spreyi famasi yenu wanayo kweli? Maana sindano 22 zipo kila hospitali.

Nesi wa Kanda
Kesho asubuhi nitauliza.