Mtafsiri wa muvi wa pale Mwanga, Kigoma, leo umenivunjia heshima

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, viatu bado sijavua, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa banda la video mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mwenye maiki iliyofungwa kitambaa na sauti ya mbuzi aliyemeza mchanga. Huyo huyo.

Kibao cha nje kimeandikwa kwa chaki: SUPERMAN MDOGO, 500. Nikalipa. Naingia, kumbe ni Brightburn, ile ya 2019! Mtoto kaanguka na chombo kutoka angani, mkulima na mkewe wamemuokota huko Kansas, wamemlea kama wa kumzaa. Mpaka hapo ni Superman kabisa, hata jimbo ni lile lile. Kufika miaka 12, badala ya kuokoa watu anavaa kinyago chekundu anaanza kuwamaliza.

Sasa ikafika ile sehemu ya mama wa mgahawani. Taa ya tyubu inapasuka juu, kigae kinamwingia jichoni. Halafu anakishika kwa vidole, anakivuta taratiiibu.

Nikajifunika. Kilichokuwa karibu ni kanga ya mama muuza ubuyu. Mtu yeyote mwenye macho angejifunika! Jamaa kaisimamisha muvi. KAISIMAMISHA. Jicho limeganda limejaa skrini nzima, tochi ya simu ananimulika mimi, na maiki juu: "Ndugu watazamaji, mwanaume mzima na ndevu zake kaingia kwenye kanga ya mama wa watu! Turudishe nyuma aone vizuri?" Banda zima: "RUDISHAAA!" Na akarudisha.

Wamecheka mpaka samaki wa Ziwa Tanganyika, lile la kina cha mita 1,470, nao wamecheka.

Na muvi yenyewe hajaielewa. Kila dakika "stelingi hafi, stelingi hafi". Stelingi gani anambwaga baba yake mdogo na gari mpaka taya linaning'inia? Stelingi gani anamtoboa kichwa baba aliyemlea, kwa miale ya macho? Mama mtu kapata kipande cha chuma cha kile chombo, kitu pekee kinachoweza kumkata yule mtoto, watu roho juu, yeye kwenye maiki anamshangilia mtoto! Hilo nalo nimelimeza. Tochi ndiyo sijaimeza. Muuaji yuko kwenye skrini, tochi ananipiga mimi! Kesho napitaje sokoni?

Mgebuka_Mkavu:
Pole mkuu. Kanga iliandikwaje?

BintiGungu:
Nilikuwepo, benchi la nyuma yake. Kanga iliandikwa "Moyo wangu sultani". Mbona hasemi kwamba aliita "mama"? Na ubuyu wa watu kaumwaga hajalipa.

Mleta uzi:
Sikuita mtu. Nilikohoa. Mambo ya ubuyu yanahusiana vipi na kudhalilishwa?

Mgebuka_Mkavu:
Alikohoa "mamaaa" 😂😂😂

MzeeKibirizi:
Vijana, elimu kidogo. Prodyuza wa hiyo muvi ni James Gunn, na walioandika ni ndugu yake Brian na binamu yao Mark. Huyo huyo James ndiye ameongoza Superman ya 2025. Kwanza wanakuharibia shujaa, baadaye wanakuuzia tena akiwa mzima. Wenzetu wanajua biashara.

Unyanyembe01:
Nyie watu wa mwisho wa reli mnaogopa jicho tu? Huku Tabora tuliangalia huku tunakula maembe. Afadhali ungesema Chronicle ya 2012, vijana watatu wanapata nguvu halafu yule mmoja mnyonge, anayepigwa na babake, ndiye anageuka balaa. Ile inaumiza kwa sababu unamwelewa. Huyu wa Brightburn kazaliwa na ubaya wake, chombo kinamwita usiku kule ghalani, basi.

Kaka_Ujiji:
Unyanyembe hapo sikubaliani. Kinachotisha ni wazazi. Mama anatetea mtoto mpaka nyumba inabomoka. Tunao wa namna hiyo mtaani, mtoto kaiba kuku, "mwanangu hawezi".

Unyanyembe01:
Kuku na kuangusha ndege ya abiria ni mamoja kwako?

Mleta uzi:
Jamani, TOCHI. Kanimulika usoni! Mbele ya watu!

Mama_Wawili:
Afadhali wewe umemulikwa. Wa kwetu Katubuka anatafsiri huku anadai madeni. Stelingi anataka kufa, yeye anasema "na wewe wa kofia, kiingilio cha Jumamosi hujatoa".

BintiGungu:
Wa Katubuka anachajisha na simu hapo hapo, mia tano, unarudishiwa asilimia kumi na nne.

Kaka_Ujiji:
Bora imerudi! Yangu alimpa mtu mwingine. Nimebaki na kisimu cha watu, kinapokea meseji za mkopo wa bodaboda nisiyoijua.

Mleta uzi:
Uzi huu unahusu

Mgebuka_Mkavu:
Mkuu subiri kwanza, tunaongea chaji. Kaka, laini yako uliitoa?

Kaka_Ujiji:
Ningeitoaje, simu anayo mwenye bodaboda. Nikipiga anapokea mkewe, ananiuliza mimi nani.

Mama_Wawili:
Mwambie mkutane stendi saa nne, uende na shahidi. Na ile mia tano akurudishie.