Breki za diski mbele, dramu nyuma: valvu au wili silinda ndogo?

Bampa_Kromu: Wakuu, gari la zamani, breki za dramu kote. Seti ya diski za mbele iko njiani. Ili magurudumu ya nyuma yasikabe kabla ya mbele, nifunge valvu ya kupunguza presha au wili silinda (ile inayosukuma shuu ndani ya dramu) ndogo?

Spana17: Gari gani? Masta silinda (pampu ya breki kwenye padeli) ya kipenyo gani? Busta ya kuongeza nguvu ya mguu ipo? Bila hayo tunapiga ramli.

FundiDramu: Wili silinda ndogo. Ukitoka inchi 7/8 kwenda 3/4, nguvu ya nyuma inashuka kama asilimia 27, na hakuna koki ya mtu kuchezea.

MzeeKalipa: Inashuka hata ukikanyaga kidogo, wakati nyuma bado ina uzito wa kufanya kazi. Valvu hupitisha presha yote hadi kiwango fulani, ndipo hubana ongezeko. Ifungwe bomba la nyuma tu. Rekebisha shuu kwanza, anza valvu ikiwa wazi kabisa, jaribu barabara tupu iliyolowa kwa 40 km/h, mtu wa pembeni aangalie tairi zipi zinakaba kwanza.

Spana17: Iliyolowa itakudanganya. Uzito huhamia mbele zaidi kwenye lami kavu, na hapo ndipo nyuma hukaba na gari kugeuka. Malizia pakavu.

Bampa_Kromu: Ni Beetle. Masta silinda yake ya awali, busta hakuna.

MzeeKalipa: Kumbe injini iko nyuma! Ungeanza na hilo. Nyuma ina uzito, usipunguze chochote kabla ya kujaribu.

Spana17: Tatizo lako ni hiyo masta silinda. Ya dramu ina kivalvu kinachobakiza presha kwenye bomba. Ukiiunga na diski, pedi haziachii. Kuna gari liliwahi kubadilishiwa kalipa (vibanio vya pedi kwenye diski) zote mbili kwa sababu hiyo, na diski zikaendelea kuchemka. Kipimo ni kulegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa: gurudumu likizunguka huru, presha imenaswa. Likigoma, kalipa ndiyo mbovu. Halafu hakikisha fimbo ya padeli ina nafasi ya milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Isipokuwepo, dalili ni zilezile.

FundiDramu: Ukifungua mabomba, weka mafuta ya breki ya DOT 5, hayali rangi.

MzeeKalipa: DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 4 iliyobaki humo. Labda abadilishe raba zote za kuzuia kuvuja na kukausha mabomba.

FundiDramu: Si anabadilisha hata hivyo?

Bampa_Kromu: Raba za nyuma sikuagiza.