Ushauri wenu wakuu: tovuti mpya ya kampuni, kufuata viwango vya wavuti kuna ulazima au ni mbwembwe za mafundi?

Katani Kavu:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za muda huu. Nipo Tanga mjini, kampuni binafsi ya mambo ya mkonge, kitengo cha mawasiliano (kitengo chenyewe ni mimi na printa). Tovuti yetu ya 2011 tunaifumua, na mpya imebakiza kuzinduliwa. Kiukwel inapendeza. Shamba la mkonge limejaa skrini nzima, maandishi ya dhahabu yanaingia moja moja kama bi harusi. Bosi kaiona kwenye simu yake akasema hapo sasa.
Tatizo, kuna mtu ofisini kaipitisha kwenye kikaguzi cha W3C (wale wanaoweka viwango vya wavuti), ikatoa makosa 187. Mimi naifungua, inafunguka. Je, hivyo viwango vina ulazima kwa kampuni kama yetu? Nina kikao Ijumaa.

Segera Njia Panda:
Kama inafunguka basi ni tovuti. Gari likiwaka unapanda, huulizi limekaguliwa na nani.

Mzee wa Modemu:
Vijana hamjui tulikotoka. Enzi zile ukilipia nusu saa mkahawa wa intaneti, robo saa inaisha ukurasa haujafunguka, na chini umeandikwa "inaonekana vizuri kwa Internet Explorer". Ukiingia na Netscape, kivinjari kingine, menyu inakaa juu ya maandishi kama nguo za mnadani. Toleo la 6 la hiyo Explorer lilitoka 2001, la 7 likaja 2006, miaka mitano yote tunajenga kwa kulifuata hilo moja na kasoro zake. Mimi niliijengea ofisi fulani tovuti nzima kwa Flash, ile programu ya michoro inayotembea, mlango unafunguka kwa sauti ya kengele, wakanipigia makofi. Mwisho wa 2020 Flash ikazikwa. Juni 2022 Explorer nayo ikaifuata. Ile kazi yangu ukiifungua leo hakuna mlango wala kengele. Kurasa za kawaida za HTML, lugha ya kuandikia tovuti, nilizoandika wakati uleule bado zinasomeka hadi kwenye kiswaswadu.

Binti Makorora:
Mleta mada, anayeijenga ni nani?

Katani Kavu:
Ni kijana mmoja anajua kazi. Tujikite kwenye viwango jamani.

Binti Makorora:
Nimeuliza nani, sikuuliza kama anajua kazi.

Katani Kavu:
Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Lakini bei zililetwa tatu na yake ilikuwa ya chini. Hakuna upendeleo hapo.

Mlalamishi:
Nilijua tu. Mimi mjomba alinijengea nyumba Pongwe. Dirisha la chumbani likatazama choo cha jirani. Nikisema, ananiambia "mwanangu, ndugu hawalalamikiani". Miaka sita sijafungua dirisha. Kazi na undugu ni chumvi na kidonda, na nyie mnaooa ndiyo mnaponzwa zaidi maana huwezi kumfokea fundi halafu jioni ukale kwa dada yake.

Kokwa la Embe:
Naomba nijibu swali lenyewe. 187 isikutishe. Tagi moja (alama ya HTML) isiyofungwa inaweza kuzaa makosa kumi chini yake, na vivinjari vinasamehe mno. HTML5, ambayo W3C iliipitisha Oktoba 2014, imeeleza hadi namna kivinjari kitakavyoisoma HTML iliyovurugika, ndiyo maana Chrome na Firefox zinaonyesha kitu kilekile. Anayekwambia kila kosa ni msiba anataka hela yako.
Angalia aina ya makosa. Picha hazina alt, yaani maelezo ya maneno yaliyofichwa nyuma ya picha? Visanduku vya fomu havina lebo? Vichwa vya habari ni maandishi ya kawaida yaliyonenepeshwa? Halafu fanya hivi leo: weka mausi pembeni, tembea na kitufe cha Tab peke yake kuanzia juu mpaka kwenye fomu ya mawasiliano. Ukipotea njiani, na mteja atapotea. Kuza ukurasa hadi asilimia 200 uone kama maneno yanapandiana. Na hayo maandishi ya dhahabu juu ya mkonge yananitia shaka. Mwongozo wa WCAG, ule wa kuwezesha hata wenye ulemavu kutumia tovuti, ngazi ya AA (ya kati), unataka utofauti wa maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1. Kwenye jua la Raskazone saa saba mchana utaelewa kwa nini.

Sioni Nasikia:
Mimi sioni. Hapa nawasikiliza kwa TalkBack, programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti, kwa kasi ambayo mke wangu anadhani simu imeharibika. Picha isiyo na alt mara nyingi simu inanisomea jina la faili, herufi kwa herufi, tarakimu nane. Fomu isiyo na lebo inasema "kisanduku cha kuandikia, kisanduku cha kuandikia", sijui cha jina ni kipi wala cha simu. Na mafundi wetu wanachukua templeti ya nje, wanaandika Kiswahili ndani, wanasahau kubadili lugha iliyotangazwa juu ya ukurasa. Basi sauti ya Kizungu inanisomea "karibuni sana". Utacheka ulie.
Mwaka jana nilikata tiketi ya basi mtandaoni kwenda Dar. Mpaka kwenye malipo nilikwenda vizuri, mchoro wa siti ukagoma. Nikampa simu kijana wa bodaboda pale stendi ya Kange anichagulie. Akanichagulia ya nyuma kabisa, juu ya tairi. Saa zote zile kiuno changu kinahesabu matuta.
Wenzetu hawakunyamaza. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwashtaki waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa tovuti asiyoweza kuisoma. Mwaka 2000 akashinda, wakatozwa dola 20,000 za kwao.

Katani Kavu:
Pole kaka. Lakini wanunuzi wetu wa nyuzi ni kampuni, si watu wasioona.

Sioni Nasikia:
Na kwenye hizo kampuni wanaajiri macho tu?

Kokwa la Embe:
Mkuu, mkataba wa hiyo kazi unasemaje kuhusu viwango?

Katani Kavu:
Mambo ya kawaida tu.

Kokwa la Embe:
Kifungu kipo au hakipo?

Katani Kavu:
Sawa. Tuna mbia Ulaya, ndiye aliyetoa fedha za tovuti. Kifungu kinataka WCAG 2.1 ngazi ya AA. Kuna fomu ya kupokea kazi, nimeitia saini wiki mbili zilizopita kwamba imefikia. Kiukwel sikukagua. Shemeji alikuwa anapeleka posa Lushoto, bila hiyo saini awamu ya mwisho haitoki.
Kabla hamjanirukia: ile fomu hakuna anayeisoma. Tukishazindua tutarekebisha taratibu. Nilitaka tu mniambie kwamba si lazima, ili Ijumaa niwe na la kusema.

Binti Makorora:
Ehee, umetapika! Unauliza viwango kumbe saini ndiyo inayokuwasha.

Segera Njia Panda:
Kwa hiyo posa ndiyo imefikia ngazi ya AA.

Pweza Mkavu:
Wakuu hii ni chai, tena ya maziwa. Shemeji, posa, mbia wa Ulaya. Akatakiwa mtaalamu, katokea. Akatakiwa asiyeona, huyo hapo na siti ya tairi. Kesho mtaona "tunakagua tovuti kwa bei poa, njoo inboksi".

Sioni Nasikia:
Mimi nimetokea kwa sababu sina usingizi. Au kipofu haruhusiwi kununua bando?

Pweza Mkavu:
Mleta mada, ofisi yenu iko wapi?

Katani Kavu:
Ngamiani, barabara ya 8, ghorofani. Hapa nilipo naona meli inashusha.

Binti Makorora:
Yakhe! Mimi nimekulia hukuhuku. Barabara ya 8 uione bandari? Ile reli na mji wote wa upande wa pili umeviinamisha?

Katani Kavu:
Nimebadilisha mtaa ili bosi asinijue. Ninyi mngetaja?

Fundi Mwenyewe (amejiunga leo):
Shemeji ndiye mimi. Kiukwel hayo 187 mengi ni ya templeti, si yangu. Na shem, ulisema unanichangia posa, sasa umekuja kunianika. Alt nimeshaweka jana picha zote 46.

Sioni Nasikia:
Umeandika nini humo?

Fundi Mwenyewe:
"Picha".

Sioni Nasikia:
Zote?

Fundi Mwenyewe:
Si ni picha?

Sioni Nasikia:
Picha, picha, picha, mara 46. Nirudishie jina la faili.

Pweza Mkavu:
ID ya leo. Na wote wawili wanaandika "kiukwel" bila i. Mtu mmoja huyo, simu mbili.

Katani Kavu:
Tumekaa nyumba moja miaka minne, tuandike tofauti?

Kokwa la Embe:
Awe mmoja au wawili, saini ipo. Mwandikie mbia kabla ya Ijumaa: fomu ilisainiwa mapema, kasoro ni hizi, zitaisha tarehe fulani. Anzeni na fomu ya mawasiliano na rangi, hizo ni kazi ya siku mbili. Uzinduzi usubiri.

Katani Kavu:
Hiyo barua ni kujichoma mwenyewe. Hakuna njia nyingine?

Mlalamishi:
Hiyohiyo ndiyo lugha ya mjomba.

Bi Gesti Pangani:
Samahani wanangu naingilia. Nina gesti huku Pangani, tovuti yangu yote ni bango moja, bei na namba ya simu vimo humohumo kwenye picha. Kwa hiyo nimwambie kijana aziandike kwa maandishi?

Sioni Nasikia:
Ziandike mama, hapo na mimi nitakuja. Chumba cha chini kipo?

Bi Gesti Pangani:
Kipo baba, kisicho na ngazi. Elfu 25, na chai asubuhi.

Pweza Mkavu:
Chai tena.