Boma Rhodes, nepia au lusini: malisho yapi yawe msingi kwa farasi jike mwenye mimba, mtoto na mzee?

Zizi_Nanyuki: Wadau, salaam. Kuna farasi watatu: jike wa kilo 400 mwenye mimba ya miezi 9, mtoto wa miezi 5 wa jike mwingine, anayekaribia kuachishwa, na dume aliyehasiwa wa miaka 24 anayekonda. Nyasi za nepia zipo bure shambani, hei (nyasi kavu) ya Boma Rhodes ni ya kununua kwa robota, lusini (alfalfa) ni ghali. Kipi kiwe msingi?

Mkata_Hei: Nepia itoe kwenye hesabu, mkuu, hata kama ni bure. Ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mmea, nayo hushikana na kalisi isifyonzwe mwilini. Ng'ombe ana vijidudu vya kuivunja katika tumbo la kwanza. Farasi hana tumbo hilo. Hali ikidumu, mwili huchota kalisi kwenye mifupa: uso huvimba pande zote mbili juu ya magego, na mnyama huchechemea mguu huu leo, kesho ule. Setaria na nyasi za Kikuyu zina kasoro hiyo hiyo. Boma Rhodes ina oksaleti kidogo. Nunua iliyokatwa inapoanza kutoa maua. Iliyokomaa ni mabua matupu.

MamaFarasi: Naunga mkono. Jike apate kilo 8 za hei kwa siku, zilizopimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, maana robota hazilingani uzito. Miezi hii mitatu ya mwisho ndiyo kijusi hukua zaidi, kwa hiyo kilo 2 kati ya hizo ziwe lusini. Akishazaa mahitaji hupanda sana: hei na lusini abaki nazo, uongeze kilo 3 za nafaka na mashudu, zigawanywe mara tatu. Usipite kilo 2 kwa mlo. Wanga ukizidi hufika utumbo mpana haujasagwa, huchacha, na hapo huja msokoto wa tumbo au kuvimba ndani ya kwato.

Zizi_Nanyuki: Ahsante mama. Na pumba za ngano je? Za kumwongezea mtoto.

Mkata_Hei: Kidogo tu. Pumba zina fosforasi karibu mara 8 ya kalisi, wakati mtoto anahitaji kalisi izidi fosforasi. Kila kilo ya pumba iende na gramu 30 za chokaa ya mifugo, la sivyo unarudia madhara ya nepia kwa njia nyingine. Protini yake itoke kwenye mashudu ya soya. Ya alizeti yana lisini (kijenzi cha protini, si lusini) haba, na lisini ndiyo inayojenga misuli. Mchanganyiko uwe na protini asilimia 14 hadi 16, kilo 1.5 kwa siku kwa milo miwili, nyuma ya kizuizi ambacho mama hapiti. Aanze kabla ya kuachishwa, azoee. Viungo vikivimba juu ya magoti, punguza nafaka, usipunguze madini.

Fundi_Kwato: Huyo mzee msimwongezee chochote kabla ya kukaguliwa meno. Madonge ya nyasi zilizotafunwa nusu yakionekana chini, magego hayasagi tena. Kukatakata hei kwa mashine hakutoshi, kwani vipande vikavu hukwama kooni na chakula hutokea puani. Loweka vidonge vya lusini, kipimo 1 kwa maji 3, mpaka viwe uji mzito, milo minne kwa siku. Mafuta ya mahindi anza na mililita 50, upandishe taratibu hadi 200.

Zizi_Nanyuki: Dukani wanasema chakula cha ng'ombe wa maziwa kinafaa wote.

MamaFarasi: Hapana kabisa! Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku huwekwa dawa iitwayo monensini, nayo huua misuli ya moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Mahindi yenye ukungu pia usiyaguse, huozesha ubongo. Na Boma Rhodes iingie polepole, robo ya mlo kila siku 3, nepia ikipungua kwa kiasi hicho hicho.