Timu ya raga ina vipaji tele, mbona kila mara inaishia njiani?

Winga_14
Wakuu, naomba uchambuzi. Kuna timu ina mawinga wenye mbio, namba 10 (mpangaji wa mchezo) mwenye mkwaju safi, na kabla ya msimu kila mtu aliipa ubingwa. Mechi za kujipima ilishinda kwa pengo kubwa. Ligi ilipoanza, mtindo ni mmoja: hadi dakika ya 55 inaongoza, filimbi ya mwisho inapulizwa ikiwa imefungwa. Kocha analaumu bahati, mashabiki wanalaumu viburi vya wachezaji. Mtu aanze kuangalia wapi?

Propu_Mzee
Mkuu, umetaja mawinga na namba 10, hukutaja namba 1 hadi 5, wale wa safu mbili za mbele za skramu (mafowadi wanane wa kila timu wakisukumana kugombea mpira). Anzia hapo. Mechi za kujipima huwaficha hao watano: wachezaji hubadilishwa kiholela, skramu husukumwa nusunusu, refa huachia mengi.

Mwangalie namba 3 hasa. Naye ni propu, mmoja wa wawili wa pembeni kwenye safu ya mbele; upande wa pili anakutana na propu namba 1 na huka (namba 2, wa katikati) kwa pamoja, kwa hiyo yeye ndiye anayebeba mzigo mzito kuliko wote. Akichoka, kiwiko kinashuka, mabega yanakwenda chini ya kiuno, skramu inaporomoka na penalti inatolewa. Penalti moja ni pointi 3, au mpira unapigwa nje mbali huko na timu ya mpigaji bado ndiyo inayorusha lainauti (mpira unaorudishwa uwanjani kutoka pembeni, wachezaji wakiruka kuugombea). Mbili tatu za namna hiyo baada ya dakika ya 60, mechi imekwisha, na winga wako hajagusa mpira.

Fainali ya Kombe la Dunia 2019 ilikuwa hivyo. Uingereza walikuwa wametoka kuwaondoa New Zealand, wakapewa nafasi kubwa. Propu wao Kyle Sinckler akaumia dakika za mwanzo kabisa, Dan Cole akalazimika kucheza karibu mechi nzima, na skramu ya Afrika Kusini ikawazidi nguvu. Handré Pollard alifunga penalti sita, matokeo 32-12.

Kagua na benchi. Kikosi cha wachezaji 23 kinatakiwa kuwa na watu sita waliofunzwa kucheza safu ya mbele, maana yake watatu wanaoanza na watatu wa akiba. Timu nyingi zinatimiza hesabu hiyo kwa majina tu: propu wa akiba ni loku (namba 4 au 5, wa safu ya pili) aliyehamishwa juzi.

Huka_na_Mpira
Naongezea lainauti. Timu ikirusha mara 14 na kupoteza 4, hakuna mpango wa mashambulizi utakaosimama, hasa kama hizo 4 zimepotea karibu na mstari wa trai (mstari wa kufungia). Mara nyingi anayelaumiwa ni huka, lakini tazama wanyanyuaji: mmoja akichelewa kidogo, mrukaji anafika juu mpira umeshapita. Kosa jingine ni kumrushia mrukaji wa mbele kila mara kwa sababu ni salama; kufikia kipindi cha pili wapinzani wameshamsoma. Dawa ni kurusha mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, wapinzani wakiruka kweli.

Fulubeki
Mimi nitawaonea huruma mafowadi. Timu zenye mabeki (namba 9 hadi 15) wazuri zina ugonjwa wa kutaka kucheza kutoka popote. Wakiwa ndani ya mita 22 zao (eneo la mwisho mbele ya mstari wao wa trai) wanapasia mara nne, wanaangusha mpira, skramu kwa wapinzani mita 10 kutoka mstari wa trai. Njia salama ni fupi: pokea, fowadi mmoja abebe ili raki (wachezaji wakisukumana juu ya mpira ulio chini) isimame katikati na kutoa pembe mbili za kupiga, kisha namba 9 au 10 apige.

Na wajue sheria. Mkirudisha mpira wenyewe ndani ya mita 22 zenu kisha mkaupiga nje bila kudunda, hamjapata kitu. Lainauti inachezwa sambamba na pale ulipopigwa. Inashangaza ni timu ngapi za ligi zinajipa adhabu hii.

Mchambuzi_wa_Raki
Ndugu zangu, msiifanye iwe skramu tu. Ireland mwaka 2023 waliingia robo fainali ya Kombe la Dunia wakiwa namba moja duniani, wameshinda mechi 17 mfululizo, mafowadi wao imara. New Zealand wakawafunga 28-24, tena baada ya kupata kadi mbili za njano. Dakika za mwisho moli ya Ireland (kundi linalosukuma mbele likiwa limeshika mpira) ilivuka mstari, lakini Jordie Barrett akazuia mpira usiguse chini. Kisha Ireland wakacheza awamu 37 (raki moja hadi nyingine bila kupoteza mpira) na kupokonywa na Sam Whitelock kwenye raki. Hapo hakuna ugonjwa wa msimu mzima. Ni nafasi mbili tatu zilizotosha kuamua mechi. Kwa hiyo tofautisheni timu iliyofungwa kwa pointi 4 na bora duniani na timu inayorudia kosa lilelile kila wiki. Ya Winga_14 ni ya pili.

Winga_14
Asanteni. Video za mechi zipo. Nihesabu nini?

Propu_Mzee
Igawe mechi vipande vya dakika 20. Kila kipande andika penalti walizofanya na sababu yake: skramu, kuotea, kushika mpira kwenye raki, kukaba juu. Zikipita 10 kwa mechi nzima, mambo si mazuri. Zikirundikana kipande cha mwisho, ni pumzi au benchi. Kisha hesabu mara walizoingia mita 22 za wapinzani na pointi walizotoka nazo. Wakiingia mara 9 na kupata pointi 10, usimguse kocha wa ulinzi; tatizo liko kwenye mashambulizi.

Mchambuzi_wa_Raki
Weka na saa ya raki. Mpira ukikaa zaidi ya sekunde 3 hivi, ulinzi umeshajipanga na mbio za mawinga hazina kazi. Ukiona hivyo, simamisha video uangalie mtu wa pili kufika: yuko wapi mwenzake anapokabwa? Mara nyingi utamkuta amesimama pembeni anasubiri pasi.