Semitrela limemgonga mdogo wangu Kitonga: dereva deiwaka (kibarua wa kushikilia tu), kichwa (gari la mbele linalovuta) cha kampuni moja, tela la kampuni nyingine. Nani anawajibika?

DadaWaIlula

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Mdogo wangu ni dereva wa Fuso, ana miaka 27. Huu ni mwaka wa tatu anabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar, gari ni la mfanyabiashara mmoja wa huku. Usiku wa ajali alikuwa anashuka mteremko wa Kitonga na matenga yake, yuko gia ya pili, mbele yake malori mawili yanatambaa. Utingo ndiye aliyeliona la nyuma kwenye kioo cha pembeni. Anasema taa zilikuwa zinakua haraka mno. Aliwahi kusema "kaka, huyu hana breki," na hapohapo wakapigwa. Ni semitrela lenye shaba kutoka Zambia. Fuso ikabanwa kwenye mwamba, nyanya zikatapakaa hadi kona ya chini, na harufu ya breki zilizoungua haikutoka pale hadi kunakucha.

Mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili, umewekwa vyuma. Ana mke na mtoto wa miezi saba. Utingo alipona na michubuko, Mungu mkubwa.

Sasa mkanganyiko wenyewe. Utingo alipiga picha kwa simu. Mlangoni mwa kichwa pameandikwa jina la kampuni moja. Tela lina namba zake, na tulipofuatilia limesajiliwa kwa kampuni nyingine kabisa. Aliyekuwa kwenye usukani aliwaambia polisi kuwa yeye ni deiwaka, dereva wa kawaida wa gari hilo aliugua Makambako akamkabidhi. Kampuni ya kichwa wanasema huyo mtu hawamjui. Wenye tela wanasema wao wamekodisha tu. Deiwaka alifikishwa mahakamani, akakiri kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha, akalipa faini, akaondoka. Trafiki mmoja ananiambia "dada, kesi imeisha hiyo."

Juzi kaja mtu wodini, mpole sana, na machungwa kwenye mfuko. Akatoa shilingi laki nane na karatasi moja: "nimepokea kama malipo kamili na ya mwisho, sitakuwa na madai mengine kwa mtu yeyote." Mdogo wangu alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya maumivu, macho yanajifunga yenyewe. Wifi yangu akasema tumsubiri dada mtu. Nilipofika nilikuta karatasi iko kwenye kimeza cha dawa na kidau cha wino kimeshafunguliwa, tayari kwa dole gumba.

Hatujaweka dole. Ila hela ya hospitali inatuishia. Naomba kujua: tumdai nani? Deiwaka asiye na kitu? Kichwa? Tela? Bima? Na je, kweli kesi imeisha?

MzeeWaTunduma

Pole sana binti yangu. Mimi nimeshika usukani wa semi miaka 22, Tunduma hadi bandarini, na Kitonga nimeishuka mara nisizoweza kuhesabu. Mambo ya sheria waachie wengine, nikwambie ya gari.

Kitonga hushuki kwa breki, unashuka kwa gia. Gia utakayopandia ndiyo ya kushukia. Ukikanyaga breki mfululizo, drami zinapata moto, lainingi (bitana za breki) haishiki tena hata ukanyage hadi chini. Kwa hiyo mtu akisema "breki zilifeli" bado hajasema kitu. Muulize zilifeli kwa nini. Dereva aliweka free, yaani alitoa gia, ili aokoe mafuta? Hilo ni la dereva na aliyempa gari. Slaki (virekebishi vya breki) hazikurekebishwa, lainingi zimeisha? Hilo ni la mwenye gari na gereji yake. Na kumbuka tela lina breki zake. Kama breki za tela zilikuwa zimekufa, au mpira wa upepo unaotoka kwenye kichwa ulikuwa umefungwa waya, basi wenye tela wasikwambie wamekodisha tu. Mzigo nao ulizidi? Mwisho ni tani 56 kwa gari zima, na lilipita mizani Makambako, kwa hiyo kumbukumbu za uzito zipo.

Mkaguzi wa magari wa polisi lazima alikague kabla halijaondolewa. Nenda kesho, usingoje keshokutwa. Gari likishaingia gereji, slaki mpya zinafungwa asubuhi moja na ushahidi umekwenda.

Na hilo la kutomjua deiwaka. Binti yangu, gari la shaba halitoki Makambako bila ofisi kujua. Msimamizi wa magari anapiga simu kila saa: umefika wapi, umelala wapi. Muulize huyo kijana nani alimtumia posho na nani alikuwa anampigia njiani. Usimwendee kwa hasira. Yeye naye wamemtupa.

NilikuwaMadaiYaBima

Dada, pole. Nimefanya kazi kitengo cha madai kwenye bima miaka tisa, nimeacha. Hiyo karatasi ya wodini naijua kwa sura. Kazi yake ni moja tu: ukishaiweka dole, utakapodai chochote utaonyeshwa hiyo. Laki nane kwa mguu wa vyuma! Irudisheni kama ilivyokuja.

Kesi haijaisha. Iliyoisha ni ya jinai, Jamhuri dhidi ya dereva, na faini imekwenda serikalini. Fidia ya mdogo wako ni kesi ya madai, nayo haijaanza. Tena kule kukiri kumekusaidia. Nenda mahakama ile ile ukaombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Kwa Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukipita, hukumu ya jinai inachukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba kosa lilitendwa. Hutaanza tena kubishana nani alimgonga nani.

Nani anawajibika: anza na dereva, lakini usiishie kwake. Mwajiri hubeba kosa la mtu wake alilofanya akiwa kwenye kazi yake. Ukweli kwamba ni deiwaka na hana mkataba haumtoi mwenye gari. Swali la mahakama litakuwa: aliendesha kwa ridhaa ya nani, na safari ilikuwa kwa faida ya nani? Mzigo ulikuwa wa kampuni, njia ya kampuni, mafuta ya kampuni. Ugumu uko pale ambapo watadai dereva wao alimpa mtu gari kwa siri. Ndiyo maana alichosema Mzee hapo juu kuhusu posho na simu ni dhahabu. Ukipata alama moja tu kwamba ofisi ilijua, hoja yao ya "hatumjui" inakufa.

Jina la mlangoni si ushahidi wa umiliki. Omba taarifa za usajili TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa namba ya kichwa na kwa namba ya tela. Nimeona malori yaliyouzwa zamani na kadi haijabadilishwa, mnunuzi na muuzaji wanarushiana. Ukiwa na shaka, wataje wote kwenye kesi moja: dereva, mwenye kichwa, mwenye tela. Mahakama ndiyo igawe nani anabeba kiasi gani. Kosa ninalolikumbuka kwa uchungu ni watu waliomshtaki mmoja, wakafika mwisho wakaambiwa siye.

Bima. Kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, hakuna gari linaloruhusiwa barabarani bila angalau bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu, na mdogo wako ndiye huyo mtu wa tatu. Hakiki stika zote mbili za bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima), maana tela huwa na stika yake. (Kama kichwa kingekuwa cha namba za Zambia, ungetafuta kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, nayo inatumika hapa kwetu.) Kwa kawaida hushtaki kampuni ya bima, unamshtaki mwenye gari, na ukishinda bima inalipa hukumu. Lakini sheria inataka bima wapewe taarifa ya kesi mapema. Wapelekee barua kabla hata hujafungua. Nimeona watu wakishinda kesi halali halafu bima inakataa kwa sababu ya hiyo barua tu, na inaniuma hadi leo.

Madai ya uzembe yana miaka mitatu tangu siku ya ajali. Unaweza kufungua Iringa ilikotokea au kule kampuni inakofanyia biashara. Gharama za hospitali mahakama haikadirii, inataka risiti moja moja: dawa, magongo, nauli za kliniki, hata za wifi yako.

Jambo ambalo naona wengi hawalijui: mdogo wako alikuwa kazini. Mwenye Fuso anapaswa kuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko hauulizi nani alikosa, unauliza kama aliumia akifanya kazi. Atoe taarifa ya ajali haraka, matibabu yanaweza kuanzia huko huku kesi ya lori ikiendelea. Hutalipwa mara mbili kwa jambo lilelile, lakini hutakaa bila dawa ukisubiri hukumu.

MamaWawili_Mikumi

Dada mimi niliiweka dole hiyo karatasi. Mume wangu aligongwa na lori akiwa na baiskeli, ndani ya siku tatu walikuja na hela ya jeneza na ya usafiri. Sikusoma, nilisomewa. Nilipokuja kuambiwa kwamba mjane na watoto wana haki yao ya kudai, mwaka wa nne ulikuwa umeingia. Msilipokee hata lile chungwa. Na kama hela ya wakili hamna, ulizeni wasaidizi wa kisheria wilayani, wapo, na hawalipishi.

DadaWaIlula

Nimerudi. Nimelia nikisoma hapa, asanteni. Mama Wawili, nakushika mkono.

Nimekwenda kwa mwenye Fuso. Mwanzo alikuwa mkali, nadhani alidhani nimemjia yeye. Nilipomweleza habari ya WCF akakaa kimya, kisha akamwita karani wake, fomu ya taarifa imejazwa leo. Polisi wamenithibitishia kuwa mkaguzi alishalikagua semi siku ya pili, na nimeandika barua kuomba nakala ya ripoti na ramani ya ajali.

Deiwaka nimempata kwa simu. Mzee, nilifanya ulivyosema, sikumwendea kwa hasira, nilimwita "mdogo wangu." Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema dada, mimi nina watoto watatu. Ujumbe wa muamala bado anao kwenye simu: shilingi 120,000, saa moja na dakika arobaini usiku ule, kutoka kwa namba ya msimamizi wa magari wa kampuni ya kichwa. Amekubali nimtumie mtu akaupige picha, na amekubali kuja kusema mahakamani.

Ile laki nane na karatasi yake nilizirudisha mbele ya muuguzi wa zamu. Stika nimezihakiki: kichwa kina bima, tela lina bima ya kampuni tofauti. Barua niipeleke kwa ipi?

NilikuwaMadaiYaBima

Zote mbili, siku moja. Peleka kwa mkono, nakala yako wagonge mhuri wa kupokea wenye tarehe. Na huo ujumbe wa muamala usisubiri mtu wa kutumwa, akupigie picha ya skrini usiku huu huu.