Naomba ushauri: nataka kumchongea ami yangu kiko cha mti

Seremala_Chake
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni seremala hapa Chake Chake, kazi zangu milango na vitanda. Nna ami yangu Wete, baharia mstaafu, kiko hakimtoki mdomoni tangu enzi zake za meli. Hicho alichonacho kimeungua mpaka moshi unatokea ubavuni. Nataka nimpe kipya kwa mkono wangu mwenyewe, Idd Mosi. Karakana nna mfenesi, mpingo kutoka bara, na kipande cha mchungwa uliokufa shambani. Upi unafaa? Umbo halinisumbui, hofu yangu ni kutoboa.

Bint_Mkoani
Waalaykum salaam. Kaka yangu, mpe kanzu au bakora. Kiko nacho huleta saratani ya mdomo, si sigara peke yake. Usimpambie maradhi.

Seremala_Chake
Nimekufahamu dada, na wanawe washamsema mpaka wamechoka. Kile kibovu hakiachi, na kinamchoma vidole. Bakora nitamchongea pia, inshallah.

Mkerezaji_Unguja
Chukua mchungwa. Kwa kiko unataka mti mgumu, wenye nyuzi zilizobana, usio na utomvu. Mfenesi ni laini kuliko mchungwa, moto utaula upesi. Mpingo unapendeza sana, lakini joto na unyevu huweza kuupasua. Hata klarineti (zumari za kizungu) za mpingo hupasuka zikiwa mpya kwa pumzi ya mpigaji tu. Na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo ukikata hata pete ya kupambia shingo, funga pua.

Viwanda vya Ulaya hutumia kivimbe cha shinani cha mti uitwao briar. Hukichemsha kwa saa nyingi, kisha hukikausha kwa miezi. Hapo ndipo penye siri: ukavu. Mchungwa wako upime kwenye mizani ya duka, uandike uzito, uuweke kivulini, upime tena kila baada ya siku chache. Ukiona uzito haushuki tena, anza. Kama unaendelea kushuka na Idd imefika, mpe ile bakora kwanza, kiko kisubiri.

Mpemba_Halisi
Ongeza hapo: usiguse mkanju wala mwembe, utomvu wa jamii ile unababua. Na mbao za makasha ya bandarini ziache kabisa, nyingine zimetiwa dawa ya wadudu, atakuja kuivuta.

Mkerezaji_Unguja
Kweli kabisa. Sasa kutoboa. Usichonge kitu kabla ya kutoboa. Acha kipande kikiwa mraba, kikae sawa kwenye jiliwa, yaani kibanio cha mezani. Ubavuni chora kiko chote kwa kipimo chake: bakuli la kutilia tumbaku upana milimita 20, kina 35 hadi 40, na tundu la moshi milimita 4. Kwenye mchoro tundu hilo lazima liishie kwenye sakafu ya bakuli, katikati. Likiingia juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui, inabaki majimaji machungu.

Anza na tundu la moshi kutoka upande wa shingo. Kisha bakuli, kwa biti bapa uliyoinoa ncha iwe mviringo. Nenda polepole, toa vumbi kila mara, umulike kwa tochi. Ukiona kijitundu kimefunguka chini, simama hapo hapo. Baada ya hapo ndiyo uchukue msumeno na tupa. Ukuta wa bakuli usipungue milimita 7.

Seremala_Chake
Shukran sana mzee wangu, hapa nimepata kitu. Na mdomo wa kuvutia je? Plastiki sitaki.

Mpemba_Halisi
Pembe la ng'ombe, nenda machinjioni. Tumia ncha, ndiyo iliyo nzima. Huku chini ni tupu. Lichemshe, harufu itapungua na litalainika ulipinde kidogo. Toboa kabla ya kulipinda, kwa biti ya milimita 3, bila haraka, maana likipata moto linanuka na kuungua.

Bint_Mkoani
Haya, nimeshindwa. Basi angalau usimpake vanishi ndani, asije akavuta na sumu ya rangi.

Mkerezaji_Unguja
Umesema jambo, dada. Ndani, vanishi hata tone isiingie. Chekecha unga wa mkaa laini, changanya na mtindi kidogo, pakaza bakuli lote, uzibue tundu kwa kijiti, ukauke siku kadhaa. Hiyo ni ngao ya mti mpaka masizi yake mwenyewe yajenge. Nje msasa mpaka ule mwembamba kabisa, kisha nta ya nyuki, sugua kwa kitambaa. Na umwambie ami mambo mawili: mara za mwanzo ajaze theluthi tu ya bakuli, na asichomoe mdomo kiko kikiwa cha moto, shingo itapasuka.

Seremala_Chake
Nitamwambia. Mchungwa nshaupima jioni hii kwa muuza duka, uzito nimeuandika ukutani. Nikishatoboa nitaweka picha hapa.